Binti anayekokotoa kichwani na kupata alama za wastani: shule imtambueje, na imsaidieje?

Msomaji wetu, mama wa wilayani Kilosa, ameandika kueleza kwamba binti yake mwenye umri wa miaka 9 yuko Darasa la Nne katika shule ya serikali, kwenye darasa lenye wanafunzi zaidi ya tisini. Nyumbani hufungua redio mbovu na kuzirudishia, husoma vitabu vya kaka yake aliye Darasa la Saba, na huuliza maswali yanayowashinda wakubwa. Shuleni alama zake ni za wastani, na mwalimu amemwita mvivu. Ndugu wamegawanyika: wapo wanaotaka arushwe darasa, wapo wanaotaka ahamishiwe shule binafsi, na wapo wanaosema asubiri mtihani wa Darasa la Saba ili achaguliwe kwenda Sekondari ya Kilakala. Anauliza: shule humtambuaje mtoto mwenye kipaji, na ikishamtambua inapaswa kumfanyia nini?

Mama, nakushukuru kwa barua yako, na zaidi kwa ule ukurasa wa daftari la Hisabati ulioambatanisha, maana umenisaidia kuliko maelezo mengine yote. Swali lilikuwa 98 × 7. Binti yako ameandika 686 bila mstari mwingine wowote, na mwalimu ameweka alama ya kosa na kuandika pembeni, "Njia iko wapi?" Unasema ulipomwuliza alikujibu kwamba alichukua mia saba akatoa kumi na nne. Mtoto anayejibu hivyo ameona kwamba 98 ni mia kasoro mbili, na kwamba akizidisha mia kwa saba kisha akapunguza saba mara mbili, hesabu haiharibiki. Hiyo ni kanuni ambayo wanafunzi wengi huja kuikariri wakiwa wakubwa; yeye ameifikia peke yake. Mwalimu ana haki ya kudai njia, kwa sababu mwanafunzi lazima ajifunze kuandika anachofikiri ili wengine waweze kukifuata. Hata hivyo, nafasi ya kumjua mtoto huyu ilikuwa pale pale, katika swali moja la mdomo: "Umepataje?"

Tuanze na hali ilivyo nchini mwetu. Utambuzi rasmi wa wanafunzi wenye vipaji vya kitaaluma hufanyika mwishoni mwa elimu ya msingi, kwa mtihani wa Baraza la Mitihani. Mtahiniwa wa Darasa la Saba hufanya masomo sita, kila somo likiwa na alama 50, jumla 300, na waliopata alama za juu kabisa hupangiwa na TAMISEMI katika shule ambazo wengi tunaziita za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Shule hizo zimefanya kazi kubwa, na sitaki neno langu lolote lisomeke kama kuzibeza; mtoto wa mkulima asiye na ada ya shule binafsi amekaa dawati moja na mtoto wa daktari kwa sababu yake. Lakini kabla ya mtihani ule hakuna mtihani mwingine wa kitaifa unaotafuta vipaji. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambao binti yako ataufanya mwaka huu, upo ili kuona kama watoto wamefikia kiwango kinachotakiwa, basi.

Kwa hiyo ndugu wanaosema umsubirishe wanakushauri usubiri jambo linalokuja likiwa limechelewa, na ambalo huenda lisimwone. Mtihani wa mwisho hupima kilichofundishwa, hivyo mtoto ambaye shule yake imekaa mwaka mzima bila mwalimu wa Hisabati hushindana na aliyekuwa na mwalimu kila siku, na tofauti ya walimu husomeka kama tofauti ya akili. Sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua jibu, kwa hiyo jibu huhesabiwa na fikra iliyolizaa haionekani. Zaidi ya hayo, alama hujumlishwa. Chukua mtoto aliyepata 50 katika Hisabati na 50 katika Sayansi, lakini 30 katika kila somo kati ya manne yaliyobaki: jumla yake ni 220. Mwenzake aliyepata 45 katika kila somo ana 270, na huyo ndiye atakayechaguliwa. Anastahili, sina ubishi. Ila yule wa kwanza, ambaye pengine angekuwa mwanahisabati, amepotea ndani ya jumla, na hakuna ofisi itakayomtafuta tena.

Tatizo la kutegemea kipimo kimoja haliko kwetu tu. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi huko California, akitumia mapendekezo ya walimu na kipimo cha akili kilichokuwa bora kwa wakati wake. Aliwapata watoto zaidi ya elfu moja na mia tano, wakafuatiliwa maisha yao yote. Kati ya waliopimwa na kuachwa kwa sababu alama hazikutosha walikuwamo wavulana wawili, William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968. Kipimo kilikuwa kimeandaliwa kwa uangalifu. Kosa lilikuwa kukipa neno la mwisho.

Na mapendekezo ya walimu yakiachwa peke yake yana upungufu wake. Wilaya ya Broward, jimboni Florida, Marekani, ilikuwa na utaratibu wa kusubiri mwalimu au mzazi ampendekeze mtoto ndipo apimwe. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2005/2006 ikaamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili bila kusubiri mtu aseme neno. Wachumi David Card na Laura Giuliano, waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2016, walionyesha kwamba idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walioingia katika mpango wa wenye vipaji iliongezeka sana. Watoto hao walikuwapo madarasani miaka yote. Mwalimu hakuwaona kwa sababu hawakufanana na picha aliyokuwa nayo kichwani ya mtoto mwenye akili, na wazazi wao hawakujua kwamba kuna mlango wa kubisha. Nalitaja hili kwa sababu binti yako naye yumo kundini: ni msichana, mkimya, hana mwandiko mzuri, na anasoma shule ambayo hakuna mzazi anayekwenda kuuliza habari za namna hii.

Utafiti ninaoupenda zaidi, na ambao walimu wetu wangepaswa kuujua kwa jina, ulifanyika hapa hapa nyumbani. Robert Sternberg na wenzake waliwapima mamia ya wanafunzi wa shule za msingi karibu na Bagamoyo, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Waliwapa watoto maswali ya kufikiri: kupanga kadi kwa kanuni ambayo mtoto anaigundua mwenyewe, kutoa hitimisho kutokana na sentensi mbili au tatu, na kubuni kitu kilichofichwa kwa kuuliza maswali yasiyozidi ishirini. Kisha, badala ya kufunga daftari na kuondoka, waliwafundisha kwa muda usiofika hata saa moja mbinu za kukabili maswali ya aina hiyo, wakawapima tena. Alama zilipanda, na jambo la maana zaidi ni kwamba mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini ulibadilika sana kuliko katika kundi ambalo halikufundishwa. Baadhi ya walioonekana wa kawaida asubuhi walikuwa na uwezo mkubwa ambao haukuwa umepata nafasi ya kujitokeza.

Hapo ndipo penye jibu langu, mama. Shule nyingi hufikiri kwamba kwanza humtambua mtoto, kisha humhudumia. Mimi naamini, na ushahidi wa Bagamoyo unaniunga mkono, kwamba njia iliyo salama zaidi ni kumpa mtoto kazi yenye uzito, kumfundisha kidogo namna ya kuishika, na kutazama anavyokua. Huduma yenyewe ndiyo kipimo. Njia hii haihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam wala karatasi za kununua, na haimdhuru mtoto ambaye hatimaye ataonekana ni wa kawaida, kwa sababu hakuna mtoto aliyeharibiwa na wiki tatu za maswali mazuri.

Nini cha kutazama? Kasi ya kujifunza jambo jipya ina uzito kuliko wingi wa anayoyajua tayari. Tazama kama mtoto akionyeshwa mara moja anaweza kuitumia njia ile mahali pengine ambapo hakuonyeshwa. Tazama maswali yake: mtoto mwenye uwezo mkubwa mara nyingi haulizi "ni nini?" bali "ingekuwaje kama?", naye hachoki kuuliza hata akikemewa. Tazama anachokifanya bila kutumwa. Redio zile unazozilalamikia ni ushahidi. Joseph Renzulli, mwanazuoni wa Marekani, alipendekeza mwaka 1978 kwamba tuangalie mambo matatu yanapokutana, yaani uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ule ung'ang'anizi wa kutoliacha jambo mpaka limalizike. Usitazame mwandiko, wala utulivu wa kukaa, wala wepesi wa kunyoosha mkono, kwani hayo ni mambo mazuri ambayo hayahusiani na swali lako.

Historia ya nchi yetu ina mfano ambao kila chuo cha ualimu kingeupigia mstari. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi katika friza zilikuwa zinaisha, akaweka mchanganyiko wake ungali moto, akakuta umeganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa bila kuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa darasani, na jambo lile likageuzwa utani wa kumtania kila alipokosea hesabu. Siku Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alinyanyuka akauliza swali lile lile mbele ya wote. Osborne alikuwa na unyenyekevu wa kwenda kulijaribu maabara, na mwaka 1969 walichapisha makala kwa majina yao wawili. Wanafizikia wanaendelea kubishana hadi leo kuhusu jambo hilo na masharti yake, na linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Yeye alikuwa na ngozi ngumu. Mimi hunifikirisha wale ambao walichekwa mara moja wakanyamaza.

Sasa huduma. Katika darasa la wanafunzi tisini mwalimu hawezi kuandaa masomo tisini, na mzazi anayemdai hivyo anamwonea. Lakini kuna utaratibu mmoja ambao nimeuona ukifanya kazi katika shule za kawaida kabisa, na ningependa umpelekee mwalimu wa darasa. Kabla ya kuanza mada, tuseme hesabu za sehemu (nusu, theluthi na kadhalika), mwalimu huwapa wanafunzi wote lile zoezi la mwisho wa mada. Wachache watakaopata, kwa mfano, 17 kati ya 20 hawana sababu ya kukaa wiki mbili wakinakili wanachokijua. Kwa vipindi hivyo wanapewa maswali machache magumu zaidi juu ya mada ile ile, yaliyoandikwa kwenye kadi na kuwekwa ndani ya boksi juu ya meza, nao huyafanya wawili wawili. Swali lenyewe si lazima liwe la darasa la juu. "Tafuta sehemu tatu zilizo kati ya nusu na theluthi mbili, kisha ueleze kama zinaweza kuisha" ni swali la Darasa la Nne kwa maneno yake, lakini lina kina cha kumshughulisha mtoto siku nzima. Mwalimu husahihisha kadi hizo mara moja kwa wiki, na sharti lake ni kwamba njia iandikwe. Binti yako atajifunza kuandika njia siku atakapokutana na swali ambalo haliwezi kumalizikia kichwani. Kwa 98 × 7 haoni haja.

Naomba uwe mwangalifu na desturi moja iliyoenea, nayo ni kumgeuza mtoto mwepesi kuwa mwalimu msaidizi. Kuwaelekeza wenzake mara moja moja kunamjenga, kwa sababu anayefundisha hulazimika kuelewa. Ikiwa kila akimaliza kazi hutumwa kusahihisha madaftari ya wenzake au kufuta ubao, basi shule inamtumia, haimfundishi. Vivyo hivyo kumwongezea maswali ishirini yanayofanana na yale kumi aliyoyamaliza ni adhabu ya kuwa mwepesi, na mtoto mwerevu huielewa haraka akaanza kufanya kazi polepole. Baadhi ya wale wanaoitwa wavivu walianzia hapo.

Kuhusu kurushwa darasa, utafiti wa miaka mingi, mwingi wake wa Marekani, unaonyesha kwamba kwa wastani watoto waliorushwa baada ya kuchunguzwa vizuri hufanya vizuri kitaaluma, na hofu kwamba wataharibika kijamii haijathibitika. Kwa hiyo sipingi kwa kanuni. Ila uchunguzi uwe wa kweli. Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyeanza mwaka 1971 kuwafuatilia vijana wenye kipaji cha hisabati, aliwapima watoto wa miaka 12 na 13 kwa mtihani uliotungwa kwa wanaoingia chuo kikuu, kwa sababu kwenye mtihani wa rika lao wote walikuwa wamefika juu na hakuna tofauti iliyoonekana. Wazo hilo linatumika hata Kilosa. Mwalimu ampe binti yako, kwa utulivu na bila kumtisha, mtihani wa muhula wa Darasa la Tano na wa Sita katika kila somo, kisha atazame. Nionavyo kutokana na barua yako, atafanya vizuri sana katika Hisabati na Sayansi, na kwa wastani katika mengine. Ikiwa hivyo ndivyo, kumrusha darasa zima si dawa yake. Kinachomfaa ni kukaa na rika lake na kuhudhuria vipindi vya Hisabati pamoja na Darasa la Tano pale ratiba inaporuhusu, jambo ambalo mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wanaweza kulipanga ndani ya shule wakilitaka. Na iwapo siku moja hoja ya kumrusha kabisa itarudi, ipelekwe kwa mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata ili kumbukumbu zake za usajili zikae sawa, Upimaji wa Darasa la Nne usirukwe, na yeye mwenyewe aulizwe kama anataka. Mtoto asiyetaka asirushwe.

Shule binafsi siwezi kukuambia uende au usiende bila kuijua. Ukienda kuitazama, usiulize wastani wao wa Darasa la Saba peke yake. Uliza mtoto akimaliza kazi mapema anafanya nini. Shule ikijibu kwamba anakwenda darasa la mitihani ya majaribio, ada unayolipa ni ya kukaririshwa. Kipo pia kitu cha kuzingatia kuhusu lugha. Shule nyingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na nimewaona wanafunzi wenye uwezo wa hali ya juu wakinyamaza Kidato cha Kwanza kwa sababu swali wanalo lakini maneno hawana. Kiingereza cha binti yako kianze kujengwa sasa, kwa kusoma vitabu vyepesi vya hadithi kila siku, ili kisije kikawa ukuta mbele ya Hisabati yake.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha: mpeleke akapimwe macho na masikio katika hospitali ya wilaya. Mtoto mwenye kipaji anaweza vilevile kuwa na tatizo la kuona, kusikia, au kusoma, na mara nyingi kipaji hulificha tatizo na tatizo hukificha kipaji, akaonekana wa wastani kwa yote mawili. Watoto wenye ualbino wamepata hasara kubwa kwa njia hii, kwa kukalishwa nyuma ya darasa wasikoona ubao na kisha kuhukumiwa kuwa wazito. Kwa kuwa umesema anashika kitabu karibu sana na uso, nisingesubiri.

Nyumbani, tafuta redio mbovu zaidi, ukihakikisha hazijaunganishwa na umeme. Punguza kazi za jioni kwa kadiri unavyoweza, na zigawe sawa kati yake na kaka yake. Dada anayechota maji wakati kaka anasoma hatambuliwi na mtihani wowote. Ukifika Morogoro mjini mwandikishe katika maktaba ya mkoa. Mfundishe bao, au umwachie babu yake amfundishe. Usimwite "profesa" mbele ya watu wala usimlinganishe na ndugu zake, kwa maana mtoto anayesifiwa kwa kuwa na akili huanza kukwepa maswali yanayoweza kuonyesha kwamba hana. Msifu kwa kung'ang'ana. Atakapofika sekondari ataweza kuingia katika mashindano ya Young Scientists Tanzania, ambayo tangu mwaka 2011 yamekuwa yakiwapa wanafunzi nafasi ya kufanya utafiti wao wenyewe na kuutetea mbele ya wataalamu. Kuhusu vipimo vya akili vya kwenye simu, na watu wanaozunguka wakidai kusoma kipaji kwa alama za vidole, usitoe hata shilingi.

Mwanzoni mwa muhula ujao omba kikao na mwalimu wa darasa pamoja na mwalimu wa taaluma. Nenda na daftari lile, na usianze kwa kusema kwamba binti yako ana kipaji, kwa sababu kila mzazi husema hivyo na mwalimu ameshachoka kusikia. Fungua ukurasa wa 98 × 7, mwombe binti aeleze mwenyewe mbele yao, kisha uombe mambo mawili tu: zoezi la mwisho wa mada litolewe mwanzoni, na afanye mitihani ile ya madarasa ya juu. Mpeni wiki sita. Mwalimu akikataa, mwandikie mwalimu mkuu kwa heshima na upeleke nakala kwa Afisa Elimu Kata. Akikubali, niandikie tena uniambatanishie kadi za maswali alizofanya, pamoja na zile alizoshindwa, kwa sababu hizo ndizo zitakazotuonyesha apewe nini baada ya hapo.